109 siyo bibi harusi, acheni kuipaka poda

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya kuosha gari pale Sakina, Arusha, mbele yangu kuna pikapu ya Land Rover 109, ile ya chesesi ndefu, na kabla sijaona hata namba nikaziona taa. LED mbele, LED kwenye bampa, LED juu ya kebini utadhani uwanja wa mpira. Rangi nyeusi ile isiyong'aa, rimu za spoti nyeusi, viti vya ngozi vimeshonwa uzi mwekundu, redio ina skrini kubwa kuliko TV ya shemeji yangu. Jamaa akashuka, tukasalimiana vizuri tu, namuuliza hii ya mwaka gani kaka, ananijibu kwa raha zote, "Ya sabini na sita hii broo, nimeirudisha upyaaa, original kabisa."

Original. Kabisa.

Nikanyamaza, gari lake, hela zake, na watoto wake walikuwa ndani wanamsikiliza. Ila nimefika nyumbani roho haijatulia mpaka leo Jumanne, kwa hiyo mtanisamehe.

Sisi wa Arusha tuna ugonjwa wa Land Rover, hilo halina ubishi, waliokuwepo kwenye lile tamasha la Oktoba 2024 waliona mji ulivyojaa vyuma vya kila umri. Mimi mwenyewe ugonjwa nimerithi. Ya kwetu ni pikapu 109 Series III, yaani toleo la tatu, ya 1979, dingi aliinunua mnadani kwenye miaka ile ya tisini mashirika ya umma yanauzwa kama njugu, ilikuja na namba zake za shirika, SU, matairi mawili hayana upepo na kuku ametaga nyuma. Dalali akasema mayai hayamo kwenye bei. Tangu siku hiyo imebeba mchanga, mahindi, ndama mgonjwa, maiti mara mbili na maharusi mara moja, na mimi nimejifunza kuendesha humo nikiwa nimekalia gunia ili nione barabara. Miaka mitatu iliyopita nikasema sasa basi, nairudisha ilivyotoka kiwandani. Siyo kuipendezesha. Kuirudisha. Kumbe hayo ni maneno mawili ambayo mjini hapa yanahesabiwa ni moja.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliizunguka mara moja akaniambia, "Bosi hii tunapiga puti bodi nzima, tunanyoosha inakuwa kioo, tunapuliza nyeupe ya lulu, juu klia mbili, utajiona kwenye mlango." Puti ni ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bodi. Nikamwambia sitaki kujiona kwenye mlango, kioo ninacho bafuni. Akanitazama kama nimekataa chakula.

Wa pili ndiye aliyenifaa, mzee wa makamo ya baba yangu, kijigereji chake kipo upande wa Unga Limited, hana bango wala nini. Shikamoo mzee, marahaba, unataka rangi gani? Nikasema ile iliyotoka nayo. Akacheka. "Unaijua?" Nikamwambia nyeupe, maana tangu nipate akili naiona nyeupe. Hakunijibu, akachukua msasa wa maji na kikombe cha maji, akakaa kwenye kigoda pembeni ya madigadi ya kushoto akaanza kuzungusha mkono taratibu sehemu moja ndogo kama sahani ya chai. Nyeupe ikachubuka, ikatoka njano kama ya greda. Akaendelea. Chini ya njano ikatoka bluu, hiyo ya shirika. Chini ya bluu kijani kilichochoka, halafu praima, halafu bati jeupe la aluminiamu. Alipofuta na kitambaa palikuwa na miduara kama ya kitunguu kilichokatwa katikati, na kila duara ni mtu fulani aliyewahi kuimiliki hiyo gari akaona ya mwenzake haifai. Halafu mzee akasema huku nje jua limekula, tutafute ambako jua halijafika, akafungua skrubu za dashibodi, akavuta lile boksi la geji mbele, akanipa tochi. Nyuma ya geji pale kilikuwepo kijani kizito kama jani la mparachichi, kibichi, hakijawahi kuona mchana tangu 1979. Bronze Green, rangi yake ya kiwandani. Sioni aibu kusema nilikaa kimya kidogo.

Ndiyo maana nikisikia "original" ikitumika kama chumvi inaniuma.

Hebu tuongee hii habari ya kung'aa, maana ndipo ugomvi wangu ulipo. Land Rover haijawahi kung'aa! Ilianza kwa makombo. Baada ya vita Uingereza chuma cha bodi kilikuwa cha mgawo, aluminiamu ndiyo ilipatikana, Rover wakatengeneza gari la shamba kwa walichokuwa nacho, wakalionyesha Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na yale ya kwanza yalipakwa kijani ambacho inasimuliwa kilikuwa ni baki la rangi za ndege za jeshi. Gari la mtu ambaye anatoka zizini na matope. Likakunjwa kwa mistari iliyonyooka, riveti zinaonekana, alama za kuchomelea vidoto vidoto zinaonekana, mlango ukiutazama kwa ubavu jua la jioni unaona bati linacheza mawimbi, na hiyo ni mpya, imetoka kiwandani leo! Sasa wewe unakuja miaka hii na ndoo ya puti unafukia riveti, unasawazisha mawimbi, unaipa sura ambayo haikuwahi kuwa nayo hata siku moja tangu kuzaliwa, halafu unaniambia umeirudisha. Umeirudisha wapi?

Na zile kingo. Jamani zile kingo. Bodi ya nyuma ya pikapu ya miaka hiyo ina vyuma vya kijivu juu ya kuta zote na kwenye pembe, vile vilivyochovywa kwenye zinki, vina madoa madoa kama bati jipya la kuezekea. Hizo hazikupakwa rangi. Ni kijivu kwa makusudi, ndiyo sura ya gari, kijani halafu mstari wa kijivu, kebini juu na rimu rangi ya Limestone, ambayo wala siyo nyeupe ya shuka la hospitali, ni nyeupe iliyomwagikiwa chai kidogo. Na zinki ile ina kazi, maana chuma kitupu kikilala juu ya aluminiamu na maji yakaingia katikati, aluminiamu inaliwa, inageuka unga mweupe kama wa muhogo na inavimba. Wenzetu wanapiga msasa zinki yote mpaka iishe, wanapuliza nyeusi, wengine nimeona wamebandika kromu. Kromu! Halafu palipoliwa hawakati wakaweka bati jipya, wanafukia puti juu. Ile bodi inakaa juu ya chesesi inayojipinda kila ukipanda tuta, kila kitu kinacheza, puti haijui kucheza, masika mawili tu inabanduka kipande kizima kama ukoko wa ubwabwa na chini yake unakuta unga. Mzee wangu pale gereji alitoa kwenye ya kwetu vipande vya puti ya watu wa zamani akavipanga kwenye benchi, kimoja kinene kama kitabu cha hesabu za darasa la saba. Akaniambia, "Hii gari ilikuwa imevaa plasta, siyo rangi."

Basi tukakata, tukariveti. Imechukua muda, imekula hela ambayo mke wangu anaijua nusu.

Najua mtakachosema, kwamba mimi mwenyewe siyo msafi. Sawa. Nimefunga mikanda, maana mama watoto hapandi bila mkanda na yupo sahihi, hapo sina hoja. Breki ni zile zile za ngoma magurudumu yote manne ila nimeweka bustaa, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya breki, na msije na mdomo hapo kwa sababu Series III nyingine zilitoka nayo, na aliyewahi kushuka kwenda Mto wa Mbu na mzigo wa mahindi bila bustaa ananielewa. Na wale wa Longido na Loliondo waliotupa injini ya petroli wakafunga dizeli ya Kijapani, wakakata huku wakachomelea kule, wanapakia watu na maziwa kila siku alfajiri, sina ugomvi nao hata kidogo, bila wao hizi gari zingekuwa masufuria zamani. Hiyo 2286 cc yangu inakunywa petroli kama mjomba kwenye harusi. Lakini wale hawajawahi kusema ni original. Wanasema ni mzima. Tofauti ndogo hiyo ndiyo inayonitoa jasho.

Kuhusu LED juu ya kebini sina la kuongeza, unamtafuta nani?

Na kabla hujaniambia mambo ya kiwandani ni ya watu wasio na kazi, kampuni yenyewe mwaka 2016, mwaka ule ule walipoacha kutengeneza Defender ya zamani Januari, walianza kuuza Series I za mwanzo walizozitafuta na kuzirudisha kama zilivyotoka, 25 za kuanzia, kwa hela ambayo huku unanunua Land Cruiser mpya na shamba. Toyota nao 2021 wakatangaza kutengeneza tena spea za Land Cruiser 40. Na kule Gaydon, Uingereza, kuna makumbusho ya magari wana madaftari ya kiwanda, unawatumia namba ya chesesi na ada yao wanakuandikia cheti gari lako lilitengenezwa lini na lilipelekwa wapi. Wenzetu wametunza daftari, sisi tuna gari lenyewe tunalivisha suti.

Sasa hapa ndipo mtanicheka. Mlango wa kushoto wa ya kwetu umebonyea, shimo kama bakuli la uji, ni pembe ya ng'ombe, njia ya Monduli, 1998, mimi nilikuwa ndani nina miaka tisa na nilidhani tumekufa. Mzee alipofika kwenye ule mlango akashika nyundo, nikamwambia huo acha. Akaiweka nyundo chini. "Kijana, kule kiwandani walitoa gari na pembe ya ng'ombe?" Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Kijani kimepulizwa juu ya shimo vizuri kabisa, jua la saa kumi linaliingia linatoa kivuli, na kila mtu wa Land Rover anayekuja kuiangalia ananionyeshea lile shimo kama vile sijaliona. Mnafiki? Labda. Ila ninapoulizwa sisemi "original kabisa", nasema original kasoro ng'ombe.

Imebaki kitu kimoja, grili. Series III ilitoka na grili ya plastiki, na zile za kabla yake zilikuwa na ya nyavu ya chuma, na nadhani mnaujua ule utani wa siku zote kwamba ya chuma ilikuwa bora kwa sababu unaweza kuchomea nyama. Kwa hiyo huku kwetu kila mtu alitupa plastiki akafunga chuma. Nimezunguka Arusha nzima, nimeagizia Moshi, nimempigia mtu wa spea pale Gerezani, Dar, hakuna, mmoja alinitumia picha ya grili ya friji. Juzi nikamuuliza dingi, mzee ile ya plastiki ya kwetu ilienda wapi? Akasema aliitupa mwenyewe, wiki ileile aliyonunua gari, ilikuwa inapigapiga kelele. Na ya chuma je? Akacheka mpaka akavua miwani. Ya chuma walikwama nayo Makuyuni usiku na mbuzi wa watu nyuma, mvua imekata barabara, wapo wanne na njaa.

Kwa hiyo natafuta grili ya plastiki ya Series III, isiwe imepasuka, bei iwe ya mtu na ndugu yake, siyo ya mtalii. Naweza kubadilishana na ya chuma, nzima kabisa, ina mafuta kidogo.