Alama ya bibi si doa

Tangu Jumamosi nimekaa na hasira, bora niiteme hapa.

Mdogo wangu alikuwa anahitimu UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, tukamleta bibi kutoka kijijini Mvumi. Baada ya vurugu za nje ya ukumbi wa Chimwaga (wapiga picha kumi wanakung'ang'ania wewe mmoja, kila mtu "pozi moja tu, dada"), nikasema bibi naye apigwe picha yake peke yake, studio, ya maana. Picha aliyonayo ni ile ya kitambulisho cha NIDA, na zile tunazijua. Tukaingia kwenye fremu moja ya studio mjini. Kijana mstaarabu kabisa, akatoa shikamoo, akamkalisha kwenye stuli. Bibi akaisalimia kamera kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" tukacheka wote. Shilingi 15,000, saizi ya A4 pamoja na fremu. Njooni saa kumi.

Saa kumi nikakabidhiwa mama wa makamo, mweupe, ngozi nyororo kama mwanasesere wa plastiki. Kanga naitambua, ya bibi. Masikio ya bibi yapo, na matundu yake mapana. Paji la uso tupu. Ile alama ya duara, ya wazee wa Kigogo, haipo.

"Tumemsafisha bibi, dada. Alikuwa na doa hapo juu."

Doa!

Kaka, uko Ugogoni. Wazee wangapi wenye duara lile wamepita mbele ya mlango wako leo wakienda soko la Majengo? Bibi anasema aliunguzwa akiwa mtoto kwa sababu ya macho, enzi ambazo vikope vilikuwa vinapofusha watu huku kwetu. Wengine watakwambia ilikuwa ya kutambuana. Vyovyote iwavyo, TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yaje Dodoma, alama ilikuwa imeshakaa pale miaka na miaka. Jiji tumeitwa 2018. Wote mliohamia, na karibuni sana, mmemkuta nayo. Sasa wewe, kwa dakika tatu za kipanya, umeamua ni uchafu.

Na hilo neno kusafisha linaniuma kwa namna yake. Zamani mkanda wa picha 36 ulipelekwa kusafishwa, mkasubiri wiki nzima, baba akarudi na bahasha tukagombania. Kusafisha kulikuwa kuitoa sura iliyojificha ndani ya mkanda. Siku hizi kusafisha ni kuificha sura ambayo kila mtu alikuwa anaiona.

Weupe je? Enzi za mkanda tungeweza kuwasingizia wenzetu: maabara zilikuwa zinapimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, sisi tukatoka meno na macho. Leo kisingizio ni nini? Kamera ikiona ukuta mweupe nyuma ya mtu mweusi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, uso unazama gizani. Fundi anajua hilo. Anaongeza mwanga, au anabadilisha pazia, au anamsogeza mtu karibu na mlango na kushikilia kitambaa cheupe upande wa pili ili mwanga urudi usoni. Asiye fundi anapiga hivyo hivyo, halafu anakwenda kumpaka mtu chokaa kwenye kompyuta. Mji huu una mwanga wa bure! Saa kumi na moja jioni, jua likianza kulala na vumbi likiwa hewani, mwanga wa Dodoma ni kama samli. Sisi tunajifungia ndani na taa mbili.

Najua, najua. Kodi ya fremu haingoji, TRA haingoji, na kila mtu ana simu. Na wapo wateja, wengi tu, wanaosema wenyewe "nitoe mweupe kidogo". Haya, mteja akiomba mpe. Bibi yangu hakuomba. Hata kuulizwa hakuulizwa.

(Kuhusu wanaopaka rangi ya bluu nyuma ya picha za pasipoti mpaka sikio linaliwa, nitaandika siku nyingine nikiwa nimeshiba.)

Kinachonimaliza nguvu ni kwamba bibi mwenyewe kaipenda. Kaishika mbali, kaisogeza karibu, kacheka, akasema wamemrudisha usichana. Kaitundika sebuleni Mvumi juu ya kalenda, na majirani wanaitwa kuja kuona. Mimi nani nimnyang'anye?

Ila nikarudi kwa yule kijana kuomba ile ya mwanzo, kabla haijaguswa. Kompyuta ilikuwa imejaa, anasema, alishaifuta.

Bibi ana kliniki mjini wiki ijayo. Nimemwomba kijana tuonane saa kumi na moja, nje, chini ya mwarobaini uliopo mbele ya fremu yake. Kitambaa cheupe nakuja nacho mwenyewe, na nitakishikilia mimi.