Bia moja na vidonge vya chunusi

Ukiuliza kwenye duka la dawa kama unaweza kunywa bia ukiwa unatumia vidonge vya chunusi, jibu la kawaida ni "acha kabisa hadi umalize dozi." Kwa mgonjwa wa malaria katazo hilo halimgharimu sana, dozi ni ya siku 3. Chunusi ni habari nyingine. Doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, huandikwa kwa miezi 3 hivi, isotretinoini, kidonge cha chunusi sugu, kwa miezi 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Humo katikati kuna harusi, send-off, Krismasi na mechi za Jumamosi. Mtu aliyekatazwa bila kuelezwa sababu mara nyingi haachi pombe. Anaruka kidonge, tena akidhani amejilinda.

Kwa hiyo jibu liende kwa dawa husika. Za kupaka, kama benzoili peroksaidi na adapaleni, haziingii kwenye damu kwa kiasi cha kugombana na pombe, na hapo hakuna mjadala. Utata uko kwenye vidonge.

Doksisaiklini inabebeshwa hofu isiyo yake. Onyo la kutochanganya antibiotiki na pombe lilipata nguvu kutokana na Flagyl, antibiotiki nyingine, ambayo karatasi yake inaonya juu ya kutapika na moyo kwenda mbio; na hata hiyo Flagyl, utafiti mdogo wa Finland wa mwaka 2002 uliowapa watu dawa pamoja na pombe haukuliona tatizo hilo. Bia moja au mbili haziiui nguvu doksisaiklini. Wanaokataza wana hoja kwa mnywaji wa kila siku: ini lake limezoea kuvunjavunja kemikali, hivyo dawa inaweza kupungua mno mwilini kabla ya dozi inayofuata.

Kwa mnywaji wa mara mojamoja, madhara huja kwa njia ambayo watu hawaifikirii. Anarudi saa sita usiku, anakumbuka kidonge, anakisukuma kwa funda la bia, analala. Kidonge kinanasa kwenye umio, kinayeyukia pale pale, na doksisaiklini ni kali kama asidi. Asubuhi hata mate hayamezeki. Kidonge hiki kinataka glasi nzima ya maji na nusu saa ya kukaa wima, kwa hiyo kihamishie asubuhi baada ya chai. Kama tumbo linawaka kutokana na pombe ya jana, dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hushikana na doksisaiklini tumboni, isiingie kwenye damu. Ziachanishe kwa saa 2 au 3.

Isotretinoini, ambayo wengi waliijua kwa jina la Roaccutane, ndiyo inayostahili mjadala. Dawa hii hupandisha trigliseridi, yaani mafuta ya damu, kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 4, na vimeng'enya vya ini, vinavyoonyesha ini linasumbuka, hupanda kidogo kwa baadhi yao. Pombe nayo hufanya hayo hayo mawili. Trigliseridi zikivuka kama 9 mmol/L, kongosho linaweza kuvimba, na ugonjwa huo huua. Wasiokataza nao wana hoja: kupanda huko kwa wengi ni kidogo, hushuka dozi ikipunguzwa, na kijana ambaye vipimo vyake viko sawa hawezi kuharibiwa ini na bia moja ya harusini.

Mimi naona wote wako sahihi, ila kwa watu tofauti. Asiyepima damu hana haki ya kujipa ruhusa. Aliyepima kabla ya kuanza, akarudia baada ya mwezi mmoja au miwili na majibu yakawa mazuri, anaweza kuzungumza na daktari wake kuhusu bia, na ataje ni kiasi gani. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55, karibu bia tatu, na watu hukiita "kadogo". Gongo na chang'aa havina kipimo, kwa hiyo havina hesabu. Mwenye homa ya ini B, anayetumia dawa za TB, au mwenye trigliseridi za juu tangu mwanzo asinywe kabisa. Ini lake tayari lina kazi.

Kuruka kidonge cha Jumamosi hakusaidii. Isotretinoini hupungua kwa nusu kwa takriban saa 20, kwa hiyo ya Ijumaa bado imo. Kosa jingine ni kwenda maabara Jumatatu asubuhi baada ya kunywa Jumapili: zinatakiwa saa 36 bila pombe kabla ya kupima mafuta, na tumbo liwe tupu. Vinginevyo daktari anapunguza dozi kwa sababu ya bia, na chunusi zinabaki. Pia anayekesha na chupa bila kula hupata chini ya nusu ya dawa aliyomeza, kwani inahitaji chakula chenye mafuta.

Kwa mwanamke, mimba ni hatari kubwa kuliko ini. Isotretinoini huharibu vibaya mtoto tumboni, na kinga ya mimba lazima iendelee hadi mwezi 1 baada ya kidonge cha mwisho. Pombe huivunja kinga hiyo kwa njia mbili: kondomu inasahaulika, au kidonge cha majira kinatapikwa. Ukitapika ndani ya saa 3 tangu ukimeze, hesabu kwamba hukukimeza, meza kingine.

Na maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika kusikokoma, yasiitwe hangova kwa mtu anayetumia isotretinoini. Aende hospitali siku hiyo hiyo, aseme ni dawa gani anatumia na alikunywa kiasi gani.