Mwenye Hoteli Ni Mimi, Lete Begi

Gari likishaingia uani, dereva akashuka, akanyoosha mgongo na kusifia mizeituni, mimi huwa nishajua kinachofuata. Atanitazama, atanikabidhi begi, kisha ataniuliza, kwa Kiitaliano cha kuvutavuta ili nisipate taabu, mwenye hoteli yuko wapi. Mimi hubeba begi. Nalifikisha chumbani, nafungua dirisha, naonyesha bomba la moto na la baridi, narudi mapokezi, nazunguka meza, navaa miwani: karibu sana, naomba pasi yako. Hapo ndipo utaiona rangi ya mzungu ikibadilika. Wengine siku ya kuondoka huacha noti mezani ya kufuta aibu. Siirudishi. Shuka hazijifui.

Mimi ni mtoto wa Malindi. Mtu wa Malindi kuhamia Italia si safari, ni kuhama mtaa. Kwetu Waitaliano wamejaa tangu walipokuja Ngomeni miaka ya 1960 kurusha roketi kutoka jukwaa la baharini. Setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilipaa pale tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea siku yake. Roketi zikakoma, Waitaliano hawakukoma. Wakafungua hoteli, piza na aiskrimu, na vijana wa ufuoni wakajua kusema ciao kabla ya kujua kuzidisha kwa saba.

Kiitaliano changu nilikipatia jikoni, kwa tajiri mmoja ambaye alikuwa na wimbo mmoja tu. Fundi akichelewa, ailaani Afrika. Stima ikipotea, ailaani Afrika. Boza la maji lisipofika, ashike kichwa kwa mikono miwili: kwetu Italia haya hayatokei! Sisi tukitazamana. Basi nikaja kuoa binti wa Puglia, kule kusini kabisa kwenye kisigino cha Italia, babu yake akatuachia shamba na nyumba za mawe, nikafunga mizigo kwa furaha. Naenda nchi ambayo haya hayatokei.

Nyumba zenyewe huitwa trulli. Mawe yamepangwa juu ya mawe bila saruji, paa limechongoka kwenda juu, kuta nene kiasi kwamba mtu unaweza kulala ndani ya dirisha. Mji wa Alberobello, ambao umejaa nyumba hizo, uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996. Sisi tuko mashambani, upande wa Locorotondo, na hakuna aliyetuingiza popote. Wageni wanazipenda kuta zile kwa sababu mchana wa Agosti ndani kuna baridi tamu. Jioni wanazichukia, kwa sababu intaneti haipenyi. Mawimbi yanapatikana sehemu moja tu, chini ya mtini karibu na banda la kuku. Ukipita pale saa mbili usiku utakuta Wadachi, Wafaransa na Waitaliano wa Milano wamesimama kimya, nyuso zinang'aa bluu, kuku wanawatazama. Mmoja alitushushia nyota kwa sababu ya nyenje. Aliandika kwamba wanapiga kelele mchana kutwa na uongozi haukuchukua hatua yoyote. Uongozi ni mimi, na ningependa sana kuambiwa hatua hiyo huchukuliwa vipi.

Maji sasa. Puglia ina kiu tangu zamani. Mito ni michache, na maji mengi ya bomba husafirishwa kutoka ng'ambo ya milima ya Apennini kwa mfereji mmoja mrefu ambao wenyeji wanauzungumzia kwa heshima. Lakini mfereji ni wa mjini. Huku shambani tuna kisima cha kukinga mvua, na mvua ikigoma, tunapiga simu. Tunamwita nani? Boza. Nimevuka bara zima na bahari juu yake kuja kukaa barazani kusubiri boza la maji, na dereva wa boza naye anasema yuko njiani, na mimi nasikia nyuma yake vijiko vikigonga vikombe vya kahawa.

Stima ndiyo usiniulize. Mkataba wa kawaida wa nyumba huku ni kilowati 3, nasi tulirithi mkataba wa babu pamoja na madeni yake. Babu alikuwa na taa na redio. Ombi la kuongezewa lipo ofisini, linapumzika. Wakati huohuo Waingereza huniuliza mbona chumbani hamna birika la umeme, nikanunua mabirika. Vyumba sita, mabirika sita, kilowati 3. Saa moja asubuhi Waingereza wote huamka kwa pamoja, sijui wanaitana vipi, na nyumba nzima inazimika mpaka kwa ng'ombe wa jirani.

Na usidhani mimi ni mwenye hoteli. Kwa serikali mimi ni mkulima. Sheria namba 96 ya mwaka 2006 inasema agriturismo, ndiyo hii biashara yetu, ni mkulima anayekaribisha wageni, na kilimo sharti kiuzidi ugeni. Kwa hiyo lazima niweze kuonyesha kwamba jembe linanichosha kuliko mashuka. Mgeni akilala, taarifa zake ziwafikie polisi ndani ya saa 24, kwa sheria ambayo mzizi wake ni wa mwaka 1931, Mussolini akiwa madarakani. Kisha takwimu za mkoa: nani kalala, katoka wapi, siku ngapi. Kisha kodi ya kulala, ambayo mgeni hunilipa akinitazama kama nimeitunga mimi. Mkoa ulitupa namba ya kujisajili, tukaibandika. Halafu taifa likaleta namba yake, ambayo tangu tarehe 1 Januari 2025 lazima ionekane nje mlangoni. Siku hizi mlango wangu una maandishi mengi kuliko matatu ya Mombasa.

Kuna stempu moja ya serikali ya yuro 16, bila hiyo ombi lako halifiki popote. Inauzwa wapi? Kwenye duka la sigara. Mimi sijavuta tangu kuzaliwa, lakini muuza sigara ananijua kuliko imamu. Duka lenyewe, sawasawa na kila kitu huku kusini, linafungwa saa saba mchana na kufunguliwa saa kumi na moja jioni, na ofisi ya manispaa iko wazi asubuhi, kwa hiyo stempu na ofisi hazijawahi kukutana macho.

Mwenye raha ni mzeituni. Mkoa una sheria ya mwaka 2007 ya kulinda mizeituni mikongwe: shina likifika upana wa mita 1, mti ule ni mnara wa kumbukumbu, hukati wala huhamishi bila ruhusa. Mmoja wetu umesimama katikati kabisa ya maegesho. Mimi kadi yangu ya ukaazi naipigania kwa alama za vidole na stempu za duka la sigara, mti umetulia tu. Gari la mgeni likiugusa, nakimbia kutazama mti kwanza.

Kifungua kinywa nacho kina siasa zake. Mwitaliano anataka kahawa na kornetto, kimkate kitamu kilichopinda kama mwezi mchanga, ale amesimama, aende. Mjerumani anataka mayai, jibini, nyama baridi na mkate mweusi, na ataketi mpaka kivuli kimfuate. Asubuhi moja nikasema hapana, leo watakula cha kwetu: mahamri ya iliki na mbaazi za nazi. Sahani zikarudi safi. Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kwao kuna kitu kinaitwa pettole, unga uliokaangwa, na mjini Taranto huanza kukaangwa siku ya Santa Cecilia, tarehe 22 Novemba, hadi Krismasi. Nani kakaanga pettole Julai? Nikamwambia, mama, haya si pettole. Akaonja moja. Akaonja la pili. Akasema ni pettole zilizokosa adabu, akaondoka na bakuli.

Mkaguzi alipokuja akataka kujua nazi imetoka wapi. Malindi, nikasema. Akauliza shamba langu liko Malindi? Maana chakula cha agriturismo sehemu yake kubwa itoke shambani mwako au kwa majirani. Akafikiri, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuwaza kupanda mnazi. Bwana huyu anakaa hapahapa, anajua Januari ndoo inaganda juu. Aliandika onyo lake akimalizia hamri la tatu.

Halafu kuna wanaotaka kuvuna zeituni. Wanakuja Julai, wamevaa kofia za majani, wanataka kuvuna. Nawaeleza kwamba zeituni ni za Oktoba na Novemba, sasa hivi ni vitone vigumu vya kijani. Nyuso zinawaanguka. Mmoja akaniomba basi apewe hata magugu, na yuko tayari kulipa. Nikampigia simu kaka yangu kule nyumbani kumsimulia kwamba huku mtu anatoa pesa yake ili alime. Akakata simu, akidhani nimeanza kunywa.

Sasa fundi bomba. Huyu ningemtenga peke yake. Ni hodari, hakuna anayebisha, na ana sentensi moja: nakuja kesho, ikizidi sana kesho kutwa. Pampu ya kisima ikafa tarehe 13 Agosti. Ukiishi Italia, jifunze tarehe 15 Agosti kabla ya kujifunza alfabeti. Ndiyo Ferragosto, mapumziko yaliyoanza enzi za Kaizari Augusto, na tangu Kaizari mpaka leo hakuna fundi aliyeonekana wiki hiyo. Vyumba vimejaa, watu wametoka baharini na chumvi mwilini, mimi nachota kwa ndoo. Nikapiga simu. Kesho, ikizidi sana kesho kutwa. Nikasikia mawimbi. Nikashika kichwa kwa mikono miwili, nikaanza kufoka kwa Kiitaliano, na maneno yaliyonitoka, pamoja na kuinua macho mbinguni, yalikuwa ya yule tajiri wangu wa Malindi, hata kikohozi cha katikati. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Wageni wakiisha Oktoba, kunabaki ukungu, moshi wa kuni, mbwa na mama mkwe. Zile kuta zilizokuwa tamu Agosti sasa zinatoa jasho la baridi. Tunavaa makoti mezani. Na ndipo simu za nyumbani zinapoanza. Shangazi alituma sauti: mwanangu, wewe una hoteli Ulaya, mie paa langu la makuti linavuja. Nikamjibu, shangazi, na langu la mawe linavuja. Hakuamini. Nikampigia picha ya ndoo sebuleni. Akasema ndoo nzuri hiyo, imetengenezwa wapi?

Januari hii fundi bomba wangu akatoweka kabisa. Nikasikia yuko likizo. Jioni moja akanipigia kwa video: kifua wazi, miwani ya jua, minazi nyuma, dafu mkononi. Yuko Malindi. Ana wiki mbili, hoteli nzuri, ya Mwitaliano mwenzake, ila kuna jambo limemkera. Bafuni kwake maji hayatoki tangu jana, amelalamika, fundi ameitwa, fundi haonekani. Hawa watu wako, akasema, hawana haraka hata kidogo. Kwa kuwa ni kwetu, je, siwezi kumpigia mtu?

Nikampigia binamu yangu, ambaye ndiye fundi mwenyewe wa hoteli ile. Kulikuwa na kelele za bao na mtu anacheka. Nikamwambia kuna mgeni wangu pale hana maji. Akasema, kesho inshallah, ndugu yangu.

Nikavuta kiti karibu na moto, nikajimiminia chai, nikampigia Mwitaliano wangu. Nikamwambia asijali, nimeshaongea naye, fundi anakuja kesho. Ikizidi sana, kesho kutwa.