Mjomba, Hiki Ndicho Chakula Chenyewe

Jana Mangi kaniongezea mia mbili kwenye pakiti ya tambi, tena bila hata kunitazama usoni. "Zimepanda," kasema, akaendelea kumpimia mtoto wa watu mafuta ya kula. Zimepanda kwenda wapi? Tambi zenyewe ni kile kipande kile kile kinachoenea kiganjani, sijawahi kukiona kikinenepa. Kwenye karatasi ya nje wamepiga picha ya yai lililokatwa katikati, kiini kinang'aa, kamba wa baharini wawili wekundu, majani ya kitunguu, na mvuke unapanda kabisa. Fungua sasa. Utakuta tambi kavu zimejisokota kama uzi uliokorogeka kwenye bobini, na kapakiti kamoja ka unga wa viungo. Yai utajijua. Nikamwambia Mangi, basi kama bei imepanda nipe na hao kamba. Akasema hao ni wa picha.

Naomba nieleweke mapema. Mimi si mtu wa tambi. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma mjini, mtu mwenye heshima zake, nina vyerehani viwili, kimoja kizima. Nimekuzwa kwa ugali wa muhogo na mgebuka. Lakini mnajua wenyewe mbalamwezi ikikolea inakuwaje: wavuvi wanaegesha mitumbwi Kibirizi wanashona nyavu, maana taa zao hazimdanganyi dagaa tena, ziwa zima linawaka. Fungu la dagaa linapungua, bei inabaki na kiburi. Na mwaka 2024 tusikumbushane, Ziwa Tanganyika lilipofungwa, hakuna kuvua, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Wazaliane, sina neno. Samaki walipewa fungate ya miezi mitatu, sisi tukapewa tambi. Nazo zikifika hapa mwisho wa reli zimeshalipiwa nauli ya nchi nzima.

Kwa hiyo nimekuwa mtaalamu, nitafanyaje. Mawese kidogo kwenye sufuria, yapate moto sawasawa. Kitunguu, nyanya, pilipili. Dagaa uwe umeshawachambua na kuwapitisha kwenye kikaango kikavu mpaka walie kau kau. Tia maji, yakichemka ndipo tambi zinaingia, mwisho kabisa, maana ukizitanguliza utakula gundi. Kale kapakiti ka viungo tia nusu tu, chumvi yake si ya mchezo. Nusu nyingine kunja karatasi, kesho inaunga mchicha. Siku yenye hela natengeneza zege: nachemsha tambi, nachuja, navunjia mayai mawili, nakaanga mpaka zishikane, nageuza kwa sahani, kachumbari pembeni. Vijana wa chipsi wakijua watanidai ada ya ufundi. Zipo pia za maharage yaliyolala, hizo hatuzizungumzi mbele za watu.

Halafu wameandika dakika tatu. Dakika tatu za nani? Dakika tatu zinaanza kuhesabiwa mkaa ukishakolea. Kabla ya hapo kuna kuomba kaa la moto kwa mama wa chumba cha pili, kuna kupepea kwa mfuniko wa ndoo, kuna moshi, kuna mwenye nyumba kuuliza kwa sauti nani anachoma mifuko. Mtungi wa gesi ninao, msiseme sina. Uko chini ya kitanda, unapumzika tangu ulipoisha.

Sasa Jumamosi akaja mjomba kutoka Kasulu. Wajomba wa Kasulu hawapigi simu, wanapiga hodi. Nafungua mlango, mjomba huyu hapa na koti lake, na mkungu wa ndizi begani. Nikafurahi, nikaupokea, shikamoo mjomba. "Marahaba mjomba. Huo uweke vizuri, ni wa shangazi yako Ujiji, nampelekea kesho."

Nikasema leo lazima huyu mzee aondoke na habari njema za kwangu. Nikaenda kwa Mangi kifua mbele: pakiti nne, mayai, nyanya, dagaa kwa mkopo. Nikapika kwa mawese, nikapakua kwenye bakuli la kioo, lile la wageni, juu nikapanga mayai yaliyokatwa katikati kama yalivyo kwenye picha. Nikaleta uma. Mjomba akautazama uma, akauweka kando taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akaniambia, "Lete maji ya kunawa."

Jamani. Mjomba alinawa mpaka kwenye kiwiko, akaingiza mkono bakulini, akamega. Zikamfuata. Akainua mkono, nazo zikainuka. Akainua zaidi, akafika usawa wa kipaji, upande wa chini bado uko bakulini unamsubiri. Akajaribu kuzifinyanga tonge. Zikatokea katikati ya vidole kila upande. Akachomoa uzi mmoja, akauinua kwenye mwanga wa taa, akaukagua juu mpaka chini.

"Hii ina mwisho?"

"Ina mwisho, mjomba."

"Uko wapi?"

Hapo nikaona nitetee hadhi ya nyumba. Nikakaa vizuri, nikamwambia mjomba, chakula hiki usikidharau, kina historia. Kimebuniwa Japani mwaka 1958 na mzee mmoja anaitwa Momofuku Ando. Alizikaanga tambi kwenye mafuta ya moto, maji yote yakatoka, zikawa kavu za kuwekwa kabatini, ukizipa maji ya moto zinalainika upya. Na zilipoingia sokoni mara ya kwanza zilikuwa ghali kuliko tambi mbichi, mjomba, zilikuwa chakula cha wenye nafasi. Mwenyewe alikuwa akisema anazila karibu kila siku, na amefariki mwaka 2007 akiwa na miaka 96.

Mjomba akatulia. "Tisini na sita?"

"Ndiyo, mjomba."

"Alikuwa anazilia na ugali gani?"

Sasa wakati naendelea na somo, tambi nazo hazikunisubiri. Zilikunywa mchuzi wote, zikavimba, zikalegea, mayai yangu yakazama. Mjomba akatazama bakuli, akatingisha kichwa. "Meli ya Liemba Wajerumani waliizamisha 1916, ikaja kuibuliwa 1924. Miaka minane chini ya maji, na leo mnaijua. Hivi vyako vimekaa kwenye maji tangu nimenawa, vimeshakuwa uji."

Akala hivyo hivyo, akamaliza, akafuta bakuli kwa kidole, akashukuru vizuri kabisa, mtu mzima. Akajiegemeza kwenye kochi. Kimya kikapita. Kisha, kwa upole ule wa kumuuliza mgonjwa, "Sasa mjomba, chakula kinaiva saa ngapi?"

Saa tatu usiku niko mlangoni kwa mama wa chumba cha pili naomba unga wa muhogo. Akanipa. Akanipa na maneno, hayo sikuyaomba: mtu mzima, fundi, nyumba haina unga, ndiyo maana tunakwambia uoe. Nioe! Hivi mnadhani mke anakuja na unga wake? Pale kibandani kwangu kuna suruali nimemaliza kuishona kabla ya Pasaka, mwenyewe ananipita kila siku na pikipiki, anapiga honi, "Fundi vipi!" Fundi vipi nini? Lipa hela ya watu! Kuna sare za kwaya, wameshaimba mpaka wametoa video, wamevaa zile za zamani, mpya ziko kwangu zinakula vumbi. Wote hao wakinilipa siku moja naoa, tena kwa karamu. Lakini nikiwa na tambi mkononi kila mtu ni mshenga.

Nikasonga ugali. Nikamletea mjomba ukiwa unatoa moshi, nikaanza kuomba radhi kwamba mboga ndiyo imeisha. Mjomba akainuka mwenyewe, akafunua sufuria, akakuta tambi zilizobaki chini na dagaa wake na mawese. Akapakua. Akakata tonge, akalibonyeza kwa dole gumba, akachotea tambi. Akatafuna. Akafumba macho.

"Sasa hapa umepika," akasema. "Mboga yako tamu sana. Inaitwaje?"

Mie hoi. Wanga juu ya wanga, na mzee anasifia! Usiku huo huo akampigia mama simu, kwa sauti iliyofika kwa mwenye nyumba, kumwambia mwanao yuko salama, kuna majani marefu ya njano anayapika vizuri. Asubuhi akabeba mkungu wake, hakuniachia hata ndizi moja ya ushahidi.

Na mkaa niliochoma siku ile kwa kupika mara mbili, nani ananirudishia? Maana mkaa nao ni kesi nyingine. Mnayaona makopo ya sasa? Zamani kopo lilikuwa kopo. Siku hizi limebonyezwa kitako mpaka kimeingia ndani, ukilitazama kwa nje ni lita nne, kwa ndani ni la dawa ya meno. Nikamuuliza yule mama wa kona, hili kopo limepatwa na nini? Akasema lilianguka. Nikaenda kwa jirani yake, la kwake nalo limebonyea. Nalo lilianguka. La wa karanga lilianguka, la wa dagaa lilianguka. Makopo ya soko zima yalianguka, na yote, kwa bahati, yalifikia kitako.