Vidole Viwili na Bahasha ya Pole

Fundi anayenitengenezea kabati hapa Ngamiani, Tanga, huchomoa penseli sikioni kwa kidole gumba na cha pete. Cha shahada na cha kati vimeishia kwenye fundo la kwanza, ngozi imekaza inang'aa kama shina la mpera. Nilipomzoea nikamuuliza. Akacheka: "Hivi nilimwachia mashine."

Wakati huo alikuwa ameajiriwa kwenye karakana ya tajiri mmoja. Jioni moja walikuwa wanachana mbao za mitiki, fenicha ya harusi inasubiriwa. Kava ya msumeno ilishafunguliwa siku nyingi, eti inaziba mstari. Mbao ikabana msumeno, msumeno ukairusha nyuma, na mkono uliokuwa unaisukuma ukateleza mbele. "Maumivu sikuyasikia kwanza, nilisikia mlio wa mashine umebadilika."

Na glovu alivaa! Tajiri alimnunulia mwenyewe, na mpaka leo anajisifu nazo. Lakini kwenye msumeno unaozunguka glovu ni hatari: meno yakidaka uzi mmoja, yanavuta kiganja kizima.

Watu wanasema ndiyo kazi yenyewe, fundi asiye na kovu si fundi. Mimi hilo silikubali. Kijiti cha kusukumia mbao hutengenezwa kwa kipande ambacho kingeishia jikoni kwa mama ntilie. Kile kibati kinachosimama nyuma ya msumeno ili mbao isibane huja na mashine, sisi ndio tunaking'oa. Huko Marekani, Steve Gass alibuni mwaka 1999 msumeno unaohisi ngozi na kusimama papo hapo kabla haujafika mfupani. Siuombi huo uje Ngamiani. Naomba kijiti.

Kinachoniuma zaidi ni yaliyofuata. Tajiri alilipa hospitali, akampelekea bahasha ya laki mbili, ya pole. Mwezi uliofuata akamwambia apumzike kwanza. Hakumwita tena. Na fundi wangu bado anamsifu: "Mtu mzuri yule, wengine hawatoi hata mia."

Hapo ndipo tunapokosea. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaomlipa aliyeumia kazini, ulianza kazi mwaka 2015, na mchango wake anatoa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara, sasa ni asilimia 0.5. Kwa anayelipwa 300,000 kwa mwezi, hiyo ni 1,500. Kwa mwaka, 18,000. Ile laki mbili ingemlipia fundi mmoja miaka kumi na moja, na mfuko ndio ungebeba matibabu na malipo ya ulemavu wa kudumu. Kwa hiyo hata tajiri amepata hasara, tena amempoteza fundi wake bora.

Lakini mfuko hauna macho ya kuona kila karakana. Mwajiri anatakiwa aitoe taarifa ya ajali ndani ya siku saba tangu aijue, na madai yafike ndani ya miezi kumi na miwili. Fundi wangu miezi hiyo aliimaliza nyumbani akijifunza kushika kijiko upya na kumshukuru tajiri. Pole ni kitu chema, sisi watu wa Tanga tunaijua sana, ila hii ilimfunga mdomo.

Juzi nilikwenda kumalizia hela ya kabati. Sasa karakana ni yake, na kwenye mashine alisimama kijana wa miaka kama kumi na minane, anasukuma mbao kwa kiganja kitupu. Nikamuuliza fundi kama amemwandikisha popote.

"Huyo? Bado anajifunza tu."

Nikamwonyesha kiganja cha yule kijana. Akakitazama, akatazama chake, akaenda kuzima mashine. Kisha akainama kwenye vipande chini ya meza, anatafuta kimoja kilichonyooka.