Simu Haikunionyesha Mkono Wake

Kwa miaka 9 niliyokaa ughaibuni nilimwona mwanangu karibu kila Jumapili kwa simu ya video, nikaamini kwamba namjua. Siku ya pili baada ya kurejea nilimkuta mezani akifanya hesabu, ndipo nikagundua kuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Simu ilikuwa ikinionyesha uso tu.

Sisemi haya ili kuwakatisha tamaa wanaoondoka. Mimi mwenyewe ningeondoka tena, maana ada na matibabu ya familia yetu vilitokana na mshahara ule. Ninachokipinga ni ile imani, ambayo wengi wetu tunaondoka nayo, kwamba mzazi anayetuma fedha kila mwezi atarudi na kuikuta nafasi yake ikimsubiri. Nafasi hiyo haikai wazi. Kwetu ilishikwa na mdogo wangu, ambaye mwanangu humwita mama bila kusita. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 10, unatambua haki ya mtoto aliyetenganishwa na wazazi wake kwa mipaka ya nchi kudumisha uhusiano nao, lakini hakuna kifungu kinachoweza kumlazimisha anizoee.

Ughaibuni nilijifunza kwamba jambo likiharibika watu hupanga saa, hukaa, wakalimaliza. Basi nikaitisha kikao cha familia, tena nikiwa na hoja zangu nimeziandika kwenye karatasi (leo naona aibu kuikumbuka karatasi ile). Mdogo wangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akainuka kwenda kuanua nguo. Nilimfuata nikiwa na hasira, na pale kambani, tulipokuwa tukikunja mashuka, akasema bila kunitazama: “Dada, hela zilifika, nashukuru. Lakini usiku wa homa sikuwa na mtu wa kumwamsha.” Sikuwa na jibu, na nadhani ilifaa nisiwe nalo.

Ndiyo maana naona mzazi anayerudi aanze kwa kuuliza utaratibu wa nyumba kabla ya kuugusa, hata kama nyumba yenyewe ameijenga yeye.

Jana mwanangu alitaka kwenda kucheza. Alisimama mlangoni akatutazama sote wawili, nami nikaendelea kuosha vyombo mpaka mama yake mdogo alipomjibu.