Matokeo ya kidato cha nne: tumhesabu na aliyekwenda dago

Kila Baraza la Mitihani la Tanzania linapotoa matokeo ya kidato cha nne, mabishano huzuka Unguja na Pemba. Wako wanaosema skuli fulani zinasomesha na nyengine zinalala. Na wako wanaojibu kwamba mtoto wa Mjini Magharibi, Unguja, na wa Micheweni, kaskazini mwa Pemba, hawakuanza safari pamoja, basi kuwalinganisha ni dhulma. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza skuli kumi bora, lakini orodha hazikufa. Matokeo ya kila skuli yako wazi mtandaoni, na watu huzitengeneza wenyewe na kuzirusha kwenye makundi ya simu.

Wanaoshikilia kwamba matokeo ni matokeo wana hoja nzito. Cheti hakiandikwi kwamba mwenyewe ni mtoto wa mvuvi. Kidato cha tano kinataka ufaulu wa C katika masomo yasiyopungua matatu, uwe umetoka Kiembesamaki ya mjini au Makangale ya Micheweni. Tena mwalimu akishazoea kuambiwa kwamba watoto wake wanatoka kwenye umasikini, hupunguza kazi, na yakitoka matokeo mabaya udhuru uko tayari. Mzee aliyeuza karafuu zake kumshonea mtoto sare hakutaka udhuru. Elimu ilipotangazwa bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, makusudio yalikuwa mtoto wa mkulima asome kile kile anachosoma mtoto wa tajiri.

Hayo nayakubali yote. Lakini asilimia tunayobishania imehesabiwa vipi?

Kwanza kuna suala la wanaoingia. Skuli za michepuo na za vipaji, baadhi zikiwa na dahalia, yaani mabweni, huchukua watoto waliofanya vizuri kwenye mitihani ya chini. Waliobaki huingia skuli ya karibu na kwao. Miaka minne baadaye tunaziweka zote kwenye orodha moja na kuuliza kwa nini ya kwanza imeishinda ya pili, nasi tuliwatenga watoto wenyewe mapema. Mjini nako si raha tupu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na idadi inaongezeka kwa asilimia 3.7 kwa mwaka, ndiyo maana skuli za ghorofa zinajengwa na bado kuna watoto wanaosoma kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana.

Kinachonisumbua zaidi ni wanaotoka. Asilimia ya ufaulu huhesabiwa kwa waliofanya mtihani, si kwa walioanza. Kwenye vijiji vya pwani ya Pemba kijana wa miaka 16 huondoka na wenzake kwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao. Akirudi na pesa mkononi, daftari halimvutii tena. Msimu wa karafuu nao una watu wake: wanaochuma, wanaochambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, usiku, wanaolinda majamvi isije mvua. Wengine hurudi darasani wakiwa wamepitwa na mengi, na wengine hawarudi kabisa.

Tufanye skuli moja ina wanafunzi 100 kidato cha pili, na wanaofika chumba cha mtihani kidato cha nne ni 60. Wakifaulu 54, tangazo litasema asilimia 90 na mwalimu mkuu atapongezwa. Skuli jirani inawafuata watoro majumbani, inakaa na wazee, inazungumza na sheha, na inafikisha 90 mtihanini. Wakifaulu 63, itaambiwa ina asilimia 70, imeshuka. Ya pili imefaulisha watoto tisa zaidi, na ndiyo inayoaibishwa. Kwa hesabu hii mwalimu anayemrudisha mtoto dhaifu darasani anajiharibia, na anayemwacha apotee anapata sifa. Hata ile kauli kwamba watoto wa kike wanawapita wa kiume isisemwe kwa haraka, maana huenda wavulana wengi hawakufika kwenye chumba cha mtihani.

Na neno kufaulu tunalipanua mno. Mwanafunzi mwenye D mbili na masomo mengine yote F anapata pointi 33, yaani daraja la nne, na anaingia kwenye hesabu ya waliofaulu. Kidato cha tano hakimpokei.

Upo tena mzigo wa lugha. Chukua msichana anayemfuata mama yake shambani kwenye mwani. Anajua bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yakapwa mbali hadi kamba zote zikawa wazi, na anajua maji mafu ni siku zipi. Likija swali la jografia kuhusu kujaa na kupwa kwa maji, jibu analo. Ila swali limeandikwa kwa Kiingereza, na hicho nyumbani kwao hakisemwi na mtu. Akiacha nafasi tupu, mtihani utasema hajui. Huyu hahitaji kuonewa huruma kwa kuwekewa alama rahisi. Anahitaji mwalimu wa Kiingereza wa kweli tangu kidato cha kwanza, na skuli yake mara nyingi ndiyo inayompata mwisho.

Njia ya kupima kwa haki ipo, na sehemu kubwa ya takwimu tunazo. Mtihani wa kidato cha pili unasimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, wa kidato cha nne na lile la Tanzania. Tukiyaweka matokeo ya mtoto yule yule pamoja, tutaona skuli imemtoa wapi na kumfikisha wapi, na tutaona nani hayupo tena. Mtu atasema mitihani hiyo haifanani, na wanafunzi huhama. Ni kweli, kwa hiyo tusiitumie kumfukuza mwalimu mkuu yeyote. Lakini kwa kuamua mwalimu wa hesabati anayeajiriwa mwaka huu apelekwe mjini au Micheweni, inatosha kabisa kuliko orodha ya skuli kumi iliyotengenezwa kwenye simu.